Challenger tatu na dola 22,000: ipi inamfaa kijana wa Columbus?

"Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Mombasa, naishi Columbus, Ohio, mwaka wa nne sasa, kazi yangu ni ghalani. Tangu utotoni natamani Dodge Challenger, lile gari la Kimarekani la milango miwili na nguvu nyingi. Nimeweka akiba ya dola 22,000 taslimu na sitaki mkopo. Nimeona tatu: SRT8 ya 2010 yenye injini ya lita 6.1, otomatiki, maili 96,000, wanataka dola 21,500. R/T ya 2016 yenye 5.7 HEMI, otomatiki, maili 88,000, kwa dola 19,800. Na GT ya 2018 ya V6, inayosukuma magurudumu yote manne, maili 71,000, kwa dola 18,200. Muuzaji wa SRT8 ananiambia gari hilo likiwa jipya lilizidi dola 40,000, kwa hiyo hapo naokota, na kwamba hayatengenezwi tena, bei itapanda tu. Rafiki zangu wanasema V6 ni aibu, na HEMI ni HEMI, chukua yoyote. Mwingine kanitisha kwamba V8 ina kodi ya kula mafuta nitakayolipa nikiisajili. Litakuwa gari langu la pekee, la kwenda kazini na kurudi, maili 50 kwa siku, siku sita kwa wiki. Nikirudi nyumbani nataka kulisafirisha hadi Mombasa. Nichukue lipi?"

Marahaba, kijana wangu. Umeuliza vizuri, maana umetaja maili, bei na kazi ambayo gari litafanya. Nikikusoma, una hofu mbili: usije ukanunua jina kisha ukahamishia mshahara gereji, na usije ukanunua la busara kisha ukajuta kila V8 inapokupita barabarani. Zote mbili nazielewa.

Kabla ya bei na injini kuna jambo lisiloweza kungoja. Novemba 2022 Stellantis, kampuni mama ya Dodge, iliwaambia wenye Challenger za 2008 hadi 2010, pamoja na Charger, Magnum na Chrysler 300 za 2005 hadi 2010, wasiziendeshe kabisa ikiwa mfuko wa hewa wa dereva uliotengenezwa na Takata haujabadilishwa. Kemikali inayoujaza mfuko ule huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ajali ikitokea, hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, ikapasua kasha lake la chuma, na vipande vikamrukia dereva usoni na shingoni. Watu wamekufa hivyo. SRT8 yako ya 2010 imo katika kundi hilo. Chukua namba ya VIN, ile yenye herufi na tarakimu 17 inayoonekana kwenye kioo cha mbele upande wa dereva, uiingize katika tovuti ya NHTSA, shirika la serikali ya Marekani la usalama barabarani. Utaona papo hapo kama kazi imefanywa. Kubadilisha ni bure kwa wakala wa Dodge, hata ukiwa mmiliki wa tano. Kama haijafanywa, usilipeleke hata kulijaribu mtaani.

Sasa bei. Muuzaji hajadanganya kuhusu dola 40,000, ila hesabu anayokupigia ni ya kwake. Challenger ya kwanza ilitoka 1970 ikakoma 1974 (baadaye jina lilibandikwa kwenye gari dogo la Mitsubishi, hilo tuliache). Iliporudi Mei 2008 ilikuja na injini moja tu, 6.1, na gia moja tu, otomatiki ya hatua tano, kwa dola 40,095. Magari 6,400 ya soko la Marekani yaliuzwa yote kabla hayajatoka kiwandani Brampton, Kanada, na mengi yaliuzwa juu ya bei ya kiwanda. Mwaka uliofuata wakaleta za wenye mifuko ya kawaida: V6 ya 3.5 yenye nguvu za farasi 250 kwa takriban dola 22,000, na R/T ya 5.7 kwa takriban 30,000. Kisha 2015 ikaja R/T Scat Pack: injini ya 6.4, nguvu za farasi 485, gia ya otomatiki ya hatua nane, chini ya dola 40,000. Yaani kwa pesa ileile aliyotoa mtu wa 2008, wa 2015 alipata farasi 60 zaidi. Kwa hiyo bei ya upya haikuelezi kitu leo. SRT8 ya maili 96,000 inastahili kile ambacho mnunuzi mwingine wa Ohio yuko tayari kulipia wiki hii, kwa hali iliyonayo wiki hii.

Tena kuna hesabu ambayo nadhani hukuipiga. Ohio inatoza kodi ya mauzo ya asilimia 5.75, na kaunti inaongeza ya kwake juu. Kwenye dola 21,500, ile ya jimbo pekee ni zaidi ya dola 1,230. SRT8 imeshavuka akiba yako kabla hujaweka hata tone la mafuta, hujalipa bima wala hati. Muuzaji asiposhuka sana, mjadala umekwisha hapo.

Kodi ya kula mafuta ipo kweli, lakini si ya kwako. Ni sheria ya 1978: gari jipya la abiria linalokwenda chini ya maili 22.5 kwa galoni kwa kipimo cha serikali hutozwa, na anayelipa ni mtengenezaji au mwingizaji, anayeipachika kwenye bei. Katika zile dola 40,095 za 2008, dola 2,100 zilikuwa kodi hiyo. Ililipwa mara moja, ikaisha. Mtu akikudai tena ofisi ya hati, anakuibia.

Na hili la kwamba hayatengenezwi tena? Kweli, Challenger ya mwisho ilitoka Brampton Desemba 2023. Lakini zinazopanda bei ni zile za nadra. Demon ya 2018, kwa mfano, toleo maalumu la mbio, zilitengenezwa 3,300 tu. R/T na V6 za kawaida zimejaa kila kona ya nchi, na zenye maili karibu laki moja hazitageuka dhahabu kwa sababu mstari wa kiwanda umefungwa. Hata injini ya HEMI haijazikwa. Ram wameirudisha kwenye pikapu zao za 1500 za 2026. Nunua gari uliendeshe. Ukitaka uwekezaji, kiwanja Kilifi hakihitaji oili.

Tuje kwenye injini, maana hapa ndipo rafiki zako wanapokupoteza.

HEMI si injini moja. Zamani jina lilitokana na umbo la chumba cha kuchomea mafuta, kilichokuwa kama nusu ya mpira, vali zikikabiliana pande mbili. Zile za sasa hazina hata nusu mpira kamili. Zina vali mbili na plagi mbili kwa kila silinda, kwa hiyo V8 yako itakula plagi 16, si nane. Hiyo 6.1 ya SRT8 haina mfumo wa kulaza silinda wala wa kubadilisha majira ya vali: ni chuma, petroli na kelele. Ilipotoka, Dodge waliipa nguvu za farasi 425, namba ileile iliyokuwa kwenye HEMI ya inchi za ujazo 426 ya Challenger ya 1970. Usidhani zinalingana. Mwaka 1970 injini zilipimwa zikiwa mezani, bila eksozi kamili wala mizigo ya pembeni. Ya 2008 ilipimwa ikiwa imevaa kila kitu. Farasi 425 wa leo ni wengi kuliko 425 wa wakati ule. Udhaifu wa 6.1 ninaouogopa ni mmoja: ikishachemka vibaya, kiti cha vali kinaweza kuchomoka kwenye kichwa cha injini na kuangukia pistoni. Uliza kama gari limewahi kuchemka, kisha usiamini jibu, angalia mwenyewe rejeta, mipira na rangi ya maji.

Ya 5.7 ndiyo inayohitaji kueleweka vizuri, kwa sababu ndiyo inayouzwa sana na ndiyo inayowaliza wengi. Kwenye magari ya otomatiki ina mfumo unaoitwa MDS. Ukiwa barabara kuu, mguu mwepesi, kompyuta hupeleka presha ya oili kwenye tapeti, vile vyuma vidogo vinavyosukuma vali, za silinda nne kati ya nane. Pini ndani ya tapeti inasogea, tapeti inajikunja badala ya kusukuma, vali zinabaki zimefungwa na silinda nne zinalala. Ukikanyaga, zinaamka. Ni ujanja mzuri wa kuokoa petroli. Lakini chini ya kila tapeti kuna kigurudumu kidogo kinachoviringika juu ya kamshafti, mhimili unaoendesha vali, na hicho ndicho kinachokufa. Kikishikwa, hakiviringiki tena, kinasugua. Chuma juu ya chuma, kinachimba kamshafti polepole, na unga wa chuma unaingia kwenye oili. Mafundi wengi, nami nimo, tunalaumu oili iliyokaa muda mrefu na tabia ya kuacha injini ikinguruma gari limesimama, kwa sababu kwa mwendo huo oili inayorukia kamshafti ni haba. Kuibadilisha kunahitaji kuvua vichwa vya injini, na bili yake ni maelfu ya dola. R/T za gia ya mkono hazina MDS, na hiyo ni sababu moja watu huzitafuta, ingawa tapeti zake nazo si za milele.

Nataka ujue sikio lako lisikilize nini. Omba muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti, iwe baridi. Washa, simama karibu na gurudumu la mbele, usikilize. Mlio wa tiki-tiki-tiki unaosikika injini ikiwa baridi, halafu unapungua na kupotea baada ya dakika chache, mara nyingi ni boliti za manifodi ya eksozi zilizokatika: hewa ya moto inavuja mpaka chuma kipate joto kitanuke kizibe. Ni usumbufu, linatengenezeka, na linakupa nguvu ya kushusha bei. Mlio unaobaki hata injini ikishapata moto, unaokwenda sambamba na mzunguko, hasa kama taa ya injini inawaka na silinda moja inakosa moto, huo ni wa tapeti. Hapo aga kwa adabu uende zako. Punguzo lolote atakalokupa halitafika gharama ya kazi hiyo.

Na V6? Hii aibu ya V6 ni ya vijana wasiojua historia. Challenger ya 1970 yenyewe iliuzwa na injini ya silinda sita yenye farasi 145, na wapo wazee waliozinunua. Ile V6 ya 3.5 ya 2009 ndiyo iliyokuwa nyonge, hasa Chevrolet walipoirudisha Camaro ya 2010 na V6 ya farasi 304 kwa dola 22,995. Mwaka 2011 Dodge wakaitupa wakaweka Pentastar ya 3.6 yenye farasi 305, na ndiyo iliyo kwenye GT yako. Farasi 305 ni zaidi ya walivyokuwa nao wengi wa V8 za miaka ya sabini mwishoni. Haina ngurumo, hilo sikufichi. Nayo ina maradhi yake: kasha la plastiki la filta ya oili lililo katikati ya V huvuja, na vibeba vali juu ya kichwa huweza kuanza kugonga. Ila bili zake ni za kuumiza wiki, si za kuvunja mwaka.

Twende kwenye kinachokutoka mfukoni. Maili 50 kwa siku sita ni karibu maili 15,000 kwa mwaka. Kwa kipimo cha serikali, GT ya magurudumu manne inakwenda wastani wa maili 21 kwa galoni, R/T otomatiki 19, na SRT8 tuiweke 15. Tuseme petroli ya kawaida ni dola 3.50, ya kati 4.00, ya juu 4.30, weka bei za mtaani kwako ukipenda. GT, inayokunywa ya kawaida, itakula kama dola 2,500 kwa mwaka. R/T, ambayo kiwanda kinaishauri ya kati, kama 3,150. SRT8, isiyotaka ila ya juu, kama 4,300. Tofauti ya SRT8 na GT ni dola 1,800 kila mwaka, na hapo hatujagusa tairi za inchi 20 wala breki zake za Brembo.

Bima ndiyo itakayokushtua zaidi. Magari haya yanaibwa sana Marekani, yale ya Hellcat, toleo la supachaja, hasa, na kampuni za bima hazisahau. Wizi ulifikia mahali Dodge ikatoa programu ya bure kwa magari ya 6.4 na ya supachaja ya 2015 kuendelea: bila namba ya siri, injini haivuki mizunguko 675 kwa dakika wala farasi watatu, mwizi anabaki anatambaa. Kabla hujalipa hata senti, piga simu kwa kampuni mbili tatu ukiwa na VIN ya kila gari. Nimeona kijana akiacha V8 si kwa sababu ya injini, bali kwa karatasi ya bima ya miezi sita.

Kisha kuna theluji, ambayo hukuitaja. SRT8 na R/T zinasukuma nyuma tu, pua nzito, na asubuhi ya Januari Columbus kabla magari ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani hayajapita utazijua. GT inajiunga na magurudumu ya mbele yenyewe inapohitaji. Lakini magurudumu manne yanakusaidia kuondoka, hayakusaidii kusimama. Tairi za baridi ni lazima kwa lolote utakalochukua. Na ile chumvi ndiyo adui mwenyewe. Lala chini uangalie mabomba ya breki na fremu ndogo ya nyuma. Kutu ya juu juu ni kawaida; kutu inayomenyeka vipande ukiigusa kwa bisibisi ni sababu ya kuondoka.

Uamuzi wangu, kwa kuwa umeniomba. Kwa gari la pekee, la kazini, Ohio, bila mkopo: GT ya 2018, ukiishusha kidogo, ubaki na dola kama 3,000 za tairi, sevisi na dharura. Moyo ukikataa kabisa, na inawezekana ukakataa maana ndoto ya utotoni haibishaniwi kwa hesabu, basi R/T, kwa masharti mawili: iwe na rekodi za kubadilisha oili tangu mwanzo, na ipite mtihani wa boneti baridi. Bila rekodi usiichukue hata kwa dola 17,000. SRT8 ni gari tamu kuliko zote tatu na ndiyo nisingekuruhusu, mpaka siku utakapokuwa na gari jingine la kazini. Na kama V8 ndiyo kiu yako hasa, kungoja mwaka mmoja uongeze akiba uitafute Scat Pack ni jibu la heshima pia.

Herufi ya nane ya VIN itakuambia injini ambayo gari lilitoka nayo kiwandani: G ni 3.6, T ni 5.7, J ni 6.4. Nimeshaona beji ya HEMI kwenye gari lenye G. Soma pia karatasi ambayo sheria inamtaka muuza magari yaliyotumika aibandike dirishani. Ikisema linauzwa lilivyo, bila dhamana, ina maana likifia getini ni lako. Na hati ikiandikwa kwamba liliwahi kuhesabiwa hasara na kujengwa upya, bima itakupa shida na wa kulinunua kwako pia.

Mimi siwezi kulisikia gari kwa maandishi. Kabla hujalipa, mpelekee fundi asiye na uhusiano na muuzaji, anayezijua Dodge, alipandishe juu, asome kompyuta yake, na kwa R/T achukue sampuli ya oili ipelekwe maabara kutafutwa chuma. Utatoa dola mia na kitu, labda mbili. Muuzaji akikataa gari lake lisikaguliwe, amekujibu.

Mombasa nimeiacha mwisho kwa sababu haibadilishi uamuzi, inaondoa tu ndoto moja. Challenger haikuwahi kutengenezwa kiwandani na usukani wa kulia, na Kenya haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, mbali na kikomo cha umri wa miaka minane. Mkazi anayerejea ana utaratibu wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, unaomruhusu, kwa masharti, kuuza la kushoto alilokuwa akilimiliki na kuleta la kulia bila ushuru. Waulize wenyewe miezi kadhaa kabla ya kufunga mizigo, si ukiwa bandarini. Kwa hiyo hilo utakalonunua litaishi na kuuzwa huko huko Marekani. Ukilipanga hivyo tangu leo, nadhani utaiona GT kwa jicho jingine.